Rangi Isiyo ya Mtu Yeyote

Kioski cha shangazi yangu kiko mtaa wa Ziwani, kati ya bomba la maji na fundi wa viatu. Ni cha mabati. Nimeishi naye tangu nilipomaliza darasa la nane, na kwa kuwa sikuendelea na shule, mimi hufungua asubuhi naye hufunga jioni. Kwetu dada ya baba huitwa senje, na hivyo ndivyo ninavyomwita.

Mwaka jana walikuja vijana wanne wa kampuni ya sabuni, wamebeba ndoo za rangi ya zambarau. Walisema watatupakia kioski rangi bure. Senje aliwauliza mara tatu kama kweli ni bure, wakasema ni bure, ila aweke sahihi kwa kidole kwenye simu yao. Akaweka. Kufikia saa saba mabati yote yalikuwa ya zambarau, na jina la sabuni limeandikwa pande tatu, kubwa kuliko mlango. Maneno niliyokuwa nimeandika mimi kwa brashi, maziwa, mkate, mayai, makaa, kazi iliyonichukua siku mbili kwa sababu mkono wangu ni wa polepole, yalibaki chini yake. Kioski kilipendeza, na Senje alikuwa akivuka barabara ili akitazame kutoka ng'ambo.

Mwaka huu akaja mtu wa leseni kutoka kaunti. Hakuwa mkali. Alionekana amechoka, viatu vimejaa vumbi, mkononi ana kile kimashine chao cha kutoa risiti. Leseni ya biashara tulikuwa nayo, akaikagua akasema iko sawa. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa na kupiga picha. Alieleza kwamba leseni ile ni ya kuuza, si ya kutangaza, na kwamba tangazo hulipiwa na mwenye ukuta. Ada aliyoitaja ilishinda bidhaa zote zilizokuwa ndani. Senje akamwambia sabuni si yake, hata haiuzi sana, watu wa hapa hununua ile ya kipande. Yule mtu akasema anaelewa, lakini mashine haina mahali pa kuandika hivyo. Tulipewa siku saba. Tulipe, au tangazo litoke, la sivyo lori litakuja kubeba kioski.

Lori hilo tunalijua. Lilimbeba muuza mboga wa kona ya pili na meza yake, yeye wakamshusha njiani, meza hatujaiona tena. Na kioski ndicho kinachotulisha. Zamani Senje alikuwa akifulia watu nguo, lakini siku hizi goti halimruhusu kuinama.

Akasema tuipigie kampuni, walioandika ndio wafute. Namba ilikuwa pale pale ukutani, chini ya jina la sabuni. Mimi kuongea kwa simu mbele ya watu ni mzigo, lakini kusoma nasoma kuliko yeye, kwa hiyo ikawa kazi yangu. Ikapokea mashine yenye sauti ya mwanamke, ikaniomba nieleze shida yangu kwa maneno machache. Nikaeleza. Ikasema haijanisikia. Nikarudia. Ikaniomba niongeze sauti. Wakati huo watu wawili walikuwa wakingoja maziwa, na fundi wa viatu, mzee mmoja wa kutoka Murang'a, alikuwa ameweka nyundo chini ili asikilize.

"Ipigie kelele, kijana," akaniambia. "Hiyo imezoea watu wa kugombana."

Nikapiga kelele kwamba tunataka watutolee tangazo lao. Watu wakacheka, mashine ikanishukuru, ikaniwekea muziki hadi salio likaisha. Kesho yake ilinielekeza kwenye programu yao ya simu, nami nikafuta picha zangu karibu zote ili ipate nafasi, na ilipofunguka ikataka namba ya wakala ambayo hatukuwahi kupewa. Siku ya nne nilimpata binadamu. Alikuwa kijana mwenye heshima. Alinisomea, kutoka mahali fulani, kwamba Senje alikubali miaka miwili, na kwamba ada zote za serikali ni juu ya mwenye kioski. Kisha akauliza kama kuna jambo lingine angeweza kunisaidia. Nikamwambia hapana, asante. Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Senje alipika ugali tukala. Baadaye akasema basi tutapaka wenyewe. Kampuni ikitaka kushtaki, ishtaki, angalau haina lori.

Nilidhani ugumu utakuwa pesa ya rangi. Kumbe ugumu ni rangi yenyewe. Nilisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Majengo, nikihesabu mikebe, na kila mkebe ulikuwa na mwenyewe. Hii ni ya soda, ile ni ya benki, na mtu wa leseni angeweza kusema tumebadilisha tangazo tu. Zilizobaki zilikuwa za vyama. Uchaguzi unakaribia, na mtaani kwetu ukipaka ukuta rangi ya chama umeshapiga kura mbele ya watu. Mwenye duka akachoka na mimi. Mwishoni nikanunua ile ya kijivu ambayo mafundi wa mageti hupaka kwanza, kabla ya rangi yenyewe. Nilipaka siku mbili. Kioski kikawa kama kitu ambacho hakijamalizika.

Asubuhi ya siku ya saba nilikuta sura kumi na mbili za mheshimiwa anayetaka udiwani. Zilikuwa zimebandikwa safu mbili, gundi bado mbichi, na jina lake chini ya kila moja.

Senje alichemsha maji, akachukua kisu. Fundi wa viatu akamwambia angoje kwanza. "Mama, ukimbandua huyo leo, jioni watasema umekula pesa ya mwenzake." Waliozibandika walikuwa wameketi pale bombani wakitutazama, vijana wanne. Mmoja wao nilikaa naye dawati moja darasa la sita. Senje hakunituma. Alinitazama tu, kisha akatazama saa.

Nikaenda. Nilikuwa na maneno mengi njiani, nilipofika yakabaki machache.

"Niaje, mkimya," akasema yule wa dawati langu.

"Si siasa," nikamwambia. "Leo wanakuja kukibeba kioski kama kina tangazo."

"Kumbe huyu huongea," mwingine akasema, wakacheka.

Yule wangu hakucheka sana. Alieleza kwamba wao wanalipwa kwa kila karatasi, na jioni kuna mtu wa kuja kuzihesabu. Karatasi nyingine wanazo, lakini unga wa gundi umewaishia. Nikarudi kwa Senje. Akatoa pakiti ya unga ya kilo mbili rafuni, nami nikawapelekea. Wakaenda kubandika nyingine kumi na mbili kwenye ukuta wa choo cha umma.

Tulikwangua mpaka saa sita. Mtu wa leseni alipofika, mabati yalikuwa yamelowa, na pale kisu kilipopita kijivu kilikuwa kimetoka kidogo, zambarau inachungulia. Herufi mbili za sabuni zilisomeka ukizitafuta. Alizitafuta. Akasogea karibu, akapitisha kidole juu yake, akatazama maji yanayotiririka na mikono ya Senje yenye gundi. Kisha akarudi nyuma, mbali kuliko siku ya kwanza, karibu na ng'ambo ya barabara, na kupiga picha kutoka huko.

"Sawa, mama," akasema, akaenda kwa jirani.

Senje aliketi juu ya kreti na kuunyoosha mguu wenye goti baya.

"Wakija tena wale wa rangi ya bure," akaniambia, "waambie hapa hakuna ukuta."

Hakucheka, nami sikucheka. Kulikuwa na mteja anataka mkate.