Baba Mkwe Kwenye Mlango wa 587

Baba mkwe wangu hajawahi kunitazama usoni, na mimi sura yake naijua zaidi kwenye picha. Kwetu Unyakyusa mke wa mtu hamwangalii baba mkwe machoni, hakai naye chumba kimoja, wala jina lake halitamki hata akiamshwa usingizini. Siku hizi wengi wameacha. Nina mashoga zangu Mbeya mjini wanaokula meza moja na wakwe zao na kugombania rimoti ya televisheni. Sisi hatukuacha. Mzee ni mtu wa zamani, nami nililelewa na bibi aliyekuwa akijitupa kwenye migomba akisikia tu kikohozi cha mkwewe.

Tulipooana, mume wangu alinileta Iringa, mimi nikapata kazi ya kufundisha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari upande wa Tosamaganga, yeye akawa fundi wa mitandao. Baba yake alibaki Uyole, peke yake, maana mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Salamu zetu zilipitia kwa mume wangu. Anashika simu, anageuka, “Baba anauliza umeamkaje.” Namjibu, anageuka tena. Siku moja alichoka kuwa spika. Akaleta kompyuta kuukuu, akaiweka sebuleni chini ya kabati la vyombo, akaigeuza seva ya barua pepe ya familia, mashine inayopokea, kutuma na kutunza barua zetu.

Nilimwambia kuna barua pepe za bure duniani, watu wote wanazitumia. Akasema barua za baba yake hazitalala kwenye nyumba za watu. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Kisha akampigia mzee kumwomba ruhusa. “Baba, karatasi haina macho. Mkiandikiana hamjatazamana.” Mzee, karani mstaafu anayepiga chapa kwa vidole vyote kumi, alikubali palepale.

Basi kila Jumapili baada ya ibada ilikuja barua. “Kwa mkwe wangu, salamu.” Viazi vimeoza shambani. Ukungu wa Uyole haujaondoka siku ya nne. Fulani amezikwa, kwaya imeimba vibaya. Mzee ana ulimi, ila anautumia kwenye karatasi tu. Nami nilimjibu, nikiandika mambo ambayo hata mume wangu sikumwambia, mpaka akawa anatutania kwamba yeye ndiye mgeni humo ndani.

Mume wangu alianguka bafuni asubuhi moja, akafa kabla gari halijafika hospitali. Tulimzika Mbeya. Matanga yakaisha, nikapanda basi kurudi Iringa, na tulipofika Chimala, watu wakishuka kununua mchele, niligundua kwamba sina wa kumwuliza kama tununue. Sikuwa na mtoto. Majirani zangu Wahehe ni watu wema, salamu zao za “Kamwene” hazinipiti asubuhi, lakini mlango ukishafungwa umefungwa. Nilikuwa mpweke, nalisema bila kulizunguka. Kilichobaki ni seva ile ikinguruma chini ya kabati, na barua ya Jumapili. Nilijua pia wasiwasi wangu ulikuwa nini: mume akishakufa na mtoto hakuna, mke ni nani tena kwenye ukoo? Barua ile ndiyo iliyokuwa jibu. Maadamu mzee ananiita mkwe, mimi ni mkwe.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, kampuni inayotuletea intaneti ilifunga mlango namba 25, njia ya zamani ambayo kompyuta hupitishiana barua pepe, kwa wateja wa majumbani. Kampuni nyingi hufanya hivyo, kwa kuwa watuma takataka wanaupenda mlango huo. Marehemu alikuwa amemwacha mzee atume barua kwa njia hiyo ya zamani, barua na neno la siri vikisafiri wazi, yeyote wa njiani akitaka anasoma. Nilikasirika kama mwalimu. Mimi nawafundisha watoto wa watu usalama wa mtandao, na nyumbani kwangu mlango hauna komeo!

Nikajikaza kisabuni. Wikiendi nzima nilifanya kazi ambayo mume wangu alikuwa akiiahirisha. Nilifungua mlango 587, ule uliotengwa kwa watu wa nyumbani kukabidhi barua zao kwa seva. Nikachukua cheti cha bure kinachoithibitisha seva, ili mazungumzo yote yasimbwe, yageuzwe fumbo asilolisoma mtu wa njiani, kabla neno la siri halijatoka mdomoni. Nikaamuru kwamba asiyejitambulisha hapokelewi. Nikaongeza na programu ya ulinzi: anayekosea mara tano anafungiwa nje siku nzima. Mwisho nikaandika upya orodha ya wanaoruhusiwa kutuma. Watu wawili tu, mimi na mzee. Marehemu sikumwandika, na hapo nililia kidogo, kisha nikapika ugali.

Nikamwandikia mzee maelekezo, hatua kwa hatua. Badilisha mlango uwe 587. Chagua usimbaji. Jina la mtumiaji na neno la siri ni yaleyale ya siku zote.

Jumapili ikaja, barua haikuja.

Nikaandika tena kumwuliza kama maelekezo yalifika. Nilijua yanafika, maana kupokea kulikuwa na orodha yake nyingine, ya mkono wa marehemu, sikuigusa. Kimya. Jumapili ya pili, kimya. Hapo hasira zangu, ambazo huwa haziko mbali, zikasogea. Nikajiambia wameshakaa kikao. Wamesema mwanamke yule sasa ni wa watu wengine, mwacheni. Nikaapa kwamba na mimi sina shida nao, nikaacha kuandika. Kumpigia simu mzee hakukuwa hata wazo. Tungesemeshana vipi?

Miezi miwili ilikwenda hivyo. Nilikuwa natoka kazini, naketi jikoni na kikombe cha chai mpaka kinapoa, naisikiliza seva ikifanya kazi kwa ajili ya hakuna mtu. Jumapili nilianza kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu za seva, ule ukurasa mrefu inapoandika kila anayebisha hodi. Ukifungua mlango kwenye mtandao, wezi wa dunia nzima wanakuja kujaribu majina. Wanajaribu “info”, wanajaribu “mkurugenzi”, wanajaribu majina ya Kichina. Mimi niliusoma ukurasa huo kila siku chache, nikafurahia hata, jinsi programu yangu inavyowatimua. Ilikuwa ndiyo furaha yangu pekee, kuwafungia watu nje.

Jumapili moja ya likizo, saa nane mchana, nikataka kupata mfano wa kuwafundishia wanafunzi, nikauchapisha ukurasa kwenye karatasi. Nikaketi na rula, nikiweka alama mstari kwa mstari. Na kwa rula huwezi kuruka. Rula ikasimama juu ya jina la baba mkwe wangu.

Nikageuza uso ukutani. Sikufikiri, uligeuka wenyewe. Na uso ukiwa ukutani nikaelewa. Miezi miwili jicho langu lilikuwa likilifikia jina lile kwenye kioo cha kompyuta na kulipita upande, kama nilivyofundishwa tangu utotoni, kama bibi alivyojitupa kwenye migomba. Nililiona kila mara, na kila mara sikuliona.

Nikarudi kwenye rula. Kila Jumapili, baada ya ibada, mara tano. Jina lake, limekataliwa, limekataliwa, kisha amefungiwa nje pamoja na wezi wa dunia nzima. Kesho yake, kimya. Jumapili inayofuata, mara tano tena.

Nikafungua ile orodha ya watu wawili niliyoiandika kwa mkono wangu. Mstari wa pili ulisema “mzee”. Nilipofika kwenye jina lake vidole vilikataa, vikaandika heshima badala ya jina, na akili yangu haikutia neno. Halafu nikamwambia mtu huyo atumie jina lilelile la siku zote. Mpumbavu mimi! Cheti safi, usimbaji safi, na mwenye nyumba nimemwacha nje kwenye ukungu kwa adabu.

Nililiandika jina lake. Herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, nikiona aibu kana kwamba nimefungua mlango akiwa anaoga. Nikamwondoa kwenye orodha ya wezi. Kisha nikamtumia mstari mmoja: “Baba, kosa ni langu, si la mtu mwingine. Naomba ujaribu tena.”

Zilikuja kesho yake asubuhi, zote pamoja, zilizokuwa zimekwama kwenye kompyuta yake. Barua tisa. Ya kwanza ilikuwa ya viazi. Ya pili iliniuliza kama naumwa. Ya nne alisema labda ni uzee wake, amekosea kubonyeza. Ya sita ilikuwa fupi. Ya tisa niliisoma nikiwa nimesimama.

“Kwa mkwe wangu, salamu. Sasa nimeelewa kwamba umenifungia. Kama umepata mtu mwingine, ni haki yako, wewe ni kijana, na mimi nitamwombea huyo mtu. Sina dai. Ombi langu ni moja, usifute barua za mwanangu alizoniandikia, kwani mimi sina mahali pengine zilipo. Ndaga fijo, asante sana, kwa miaka yote.”

Nilichukua simu. Sikuuliza mila, sikumwuliza mtu. Ilipolia nilisikia anapokea, kisha pumzi ya mzee. Alijua ni nani. Nikageuka nikalitazama kabati la vyombo, nikaliambia kabati, kwa sauti ya kutosha:

“Hapa hakuna mtu mwingine. Barua zote zipo.”

Upande wa pili kiti kililia, kama mtu anayejigeuza. Na yeye akakiambia kitu fulani kilichokuwa mbele yake, dirisha au kalenda, sijui:

“Nilidhani mtoto huyu ametuacha.”

Nami niliyeamini kwamba wao ndio walioniacha, nililia bila kuifunika simu. Hakukata. Alikaa hapo akinisikiliza mpaka salio langu likaisha.