Kitufe Nilichokibonyeza Mara Mbili

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka droni yenye kamera ya ndani. Mimi nilitaka ile ya kamera ya kufunga. Naanza na hilo kwa sababu nimeisimulia habari hii mara nyingi nikiliruka, na nikiliruka kosa linaonekana ni la mashine.

Tulikuwa tunapiga picha za harusi na misiba Kyela mjini, mimi na yeye, na kazi ilikuwa imeanza kutuponyoka. Watu walishaona harusi za Mbeya zilizopigwa kutoka juu, sasa kila mwenye shughuli anauliza kama tuna ndege. Mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka kwenda Malawi na kurudi alikuwa na droni mbili, zote zimetumika. Ya kwanza kamera yake imejengewa humo humo, unaiona picha kwenye simu wakati ndege iko juu. Ya pili ni ndege tupu yenye kishikio tumboni. Unaifunga kamera ndogo inayojitegemea kwa skrubu, unairusha, halafu unaiangalia kwa macho tu huko angani kama unavyomwangalia mwewe.

Shemeji alisema ya kwanza ni bora kwa sababu unajua unachokipata. Mimi nikasema ya pili, kwa sababu kamera inatoka. Kaburini mchungaji hataki kitu kivume juu ya kichwa chake, basi unaifungua kamera unaishika mkononi. Ndege ikiharibika, kamera inabaki. Ikitoka kamera nzuri zaidi, unabadilisha kamera peke yake. Nilieleza vizuri siku ile, na mpaka leo sioni neno la uongo katika hayo. Nilichokosa ni kumsikiliza mwenzangu. Alicheka, akasema, "Sikubishii, shemeji. Nikikubishia dada hatanipakulia wali." Nikachukua kicheko kile kuwa ni kukubali.

Tulihangaikia vibali, tukavipata, tukaanza. Sitaki kuisingizia ile ndege. Ilitupa picha nzuri za mashamba ya mpunga Busale, na kamera yake ilifanya kazi ndani ya makanisa ambako droni haiingii. Lakini ilikuwa na tabia zake. Picha ilitetemeka upepo wa ziwa ukiamka. Tena kamera ilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukibonyeza inaanza, ukibonyeza tena inazima. Kitaa chake chekundu ni kidogo kama punje ya ulezi, na kwa jua la Kyela hukioni mpaka ukikinge kwa kiganja. Awali ilikuwa ikilia ukibonyeza. Sauti ile tuliizima wenyewe, kwa ajili ya misiba.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliolewa Ikombe kwa Wakisi, akafundishwa ufinyanzi na mama mkwe wake. Amefinyanga vyungu maisha yake yote, akizunguka chungu kwa kuinama hadi mgongo ukakataa. Binti yake yuko Karonga, upande wa Malawi, ameolewa huko, akawa anamwita akakae naye. Mama mkubwa alikubali, ila alitaka kuchoma vyungu mara moja ya mwisho na wenzake. Akanitumia ujumbe kwamba niende na ndege yangu nipige uchomaji ule kutoka juu, ufukwe wote na vyungu vyote vionekane kwa pamoja, aende nao Karonga. Alisema wajukuu zake wa kule wanajua sufuria tu.

Nilikwenda peke yangu kwa mtumbwi kutoka Matema, asubuhi. Shemeji alikuwa na harusi Ngana. Nilikuta vyungu vimeshapangwa juu ya kuni, wanawake wanavifunika nyasi kavu. Nikachuchumaa mchangani, nikaifunga kamera, nikabonyeza kitufe. Hapo ndipo mama mkubwa alipokuja.

Kwetu mama wa umri ule humwamkii umesimama, wala humwamkii una kitu mkononi. Niliilaza ndege chini, nikabaki nimechuchumaa, nikamwambia, "Mughonile, mama." Naye hakuwa mtu wa salamu fupi. Aliuliza mke wangu, akauliza watoto mmoja mmoja, akauliza mpunga wetu wa Ndandalo umefikia wapi, akauliza kama kaburi la mama limepaliliwa. Nilijibu kila kitu. Wenzake walikuwa nyuma yake, nao wana salamu zao. Nilipoinuka moto ulishawashwa. Niliona ule moshi wa kwanza, nikaikwapua ndege, nikabonyeza kitufe, nikarusha.

Sikukikinga kitaa kwa kiganja. Nadhani kichwani mwangu salamu ilikuwa imefuta kila nilichofanya kabla yake.

Ndege ilikaa juu mpaka betri ikaanza kulalamika. Sikuwa naona inachokiona, ila nilikuwa naona nilichokiona mimi. Moto ulitandaa, wanawake walivuta vyungu kwa miti mirefu, vikiwa vyekundu, na mama mkubwa katikati yao ameshika kiuno kwa mkono mmoja na mti kwa mwingine. Aliepua chungu chake cha mwisho akakiweka pembeni peke yake. Halafu akaangalia juu, akapunga mkono.

Mchana ule ule nikiwa Matema niliiweka kadi kwenye kompyuta. Moto haukuwepo. Kulikuwa na kipande kimoja tu, mchanga na goti langu, halafu kamera inalala ubavu, halafu miguu ya mama mkubwa na pindo la kitenge chake. Sauti yake inasikika wazi, akiuliza mpunga, akiuliza kaburi. Mwishoni kinakuja kiganja changu, giza. Nilikuwa nimeizima pale nilipodhani naiwasha.

Shemeji alipokiona aliniambia nisikifute. Ni haki yake niliandike hilo. Mimi nilikuwa sitaki hata kukiona. Tulikuwa na harusi siku ya pili na kadi nzuri ilikuwa hiyo hiyo, nikaisafisha yote. Tungeweza kukihamisha kwenye kompyuta. Sikukihamisha.

Mama mkubwa alipopita mjini akielekea mpakani, na mzigo wake na kile chungu kimoja kimefungwa kwenye kitenge, alikuja nyumbani kuuliza picha. Nikamwambia mashine ilikataa. Alikigeuza kikombe cha chai mkononi, akauliza, "Ni kwa sababu nilikuja kukuamkia?"

Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Mashine hizi, mama, hazitabiriki." Akatikisa kichwa, akasema angejua angebaki kule kwenye nyasi. Akaomba radhi. Mtu mzima aliniomba radhi kwa salamu yake, ndani ya nyumba yangu, na mimi nikamwongezea chai.

Baadaye tuliiuza ndege ile na kununua ya kamera ya ndani. Nikisema hilo ndilo jibu nitakuwa sijatenda haki. Kweli, kwenye simu unaona kila kitu, dakika zinahesabika kwa namba kubwa, huwezi kudhani inarekodi kumbe haijaanza. Picha haitetemeki. Lakini mchanga wa Matema uliingia kwenye shingo ya kamera, na kwa sababu kamera na ndege ni kitu kimoja, vyote vilikwenda Dar kutengenezwa, tukakaa wiki kadhaa mikono mitupu. Ingekuwa ile ya zamani tungeendelea na kamera ya mkononi. Shemeji mwenyewe alisema hivyo, ingawa alisema huku anaangalia pembeni.

Mwaka huu mama mkubwa alirudi Ikombe kwa msiba wa mfinyanzi mwenzake. Tuliitwa kupiga picha. Nilimwona ufukweni, amekonda, anatembea kwa fimbo. Niliiweka droni chini nikaanza kuchuchumaa. Akanyoosha kiganja kunizuia.

"Rusha kwanza," alisema. "Salamu zitakuja baadaye."

Akasimama hapo mbali, mdomo umefungwa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wanawake waliokuwa naye pia walinyamaza. Nikaelewa alikuwa amewaambia wasinisalimu.

Sikuirusha. Nilimfuata nayo mkononi. Nilimwambia mashine haikukataa, nilibonyeza kitufe mara mbili, kosa ni langu na salamu haikuwa na kosa.

"Ulibonyeza mara mbili kwa sababu nilikuja," alisema.

Nimelipima sana jibu hilo tangu siku ile. Nikamwambia lililobaki, kwamba kamera ilishika salamu yenyewe, miguu yake na sauti yake, akiuliza mpunga na kaburi.

"Iko wapi?"

"Niliifuta, mama."

Aliangalia ziwani. Mitumbwi ya wafiwa ilikuwa inakuja kutoka Matema. Nilidhani ataondoka.

"Basi niamkie," alisema.

Nikailaza droni, nikachuchumaa, nikamwambia mughonile. Akaanza upya. Mke wangu, watoto mmoja mmoja, mpunga wa Ndandalo, kaburi la mama. Sauti yake imepungua, ilinibidi niinamishe kichwa nisikie. Droni ilikuwa mchangani karibu na goti langu, imewashwa, simu iko mfukoni mwa shati. Ningeweza kubonyeza mara moja tu na kuhakikisha kwa macho. Mkono haukwenda. Niliona kuirekodi salamu ile bila kumwomba ni kumnyang'anya, na kumwomba katikati ya salamu ni kuikata.

Shemeji aliniuliza baadaye kwa nini sikubonyeza. Nikamweleza hivyo. Alisema labda, halafu akasema yeye angebonyeza. Sijui nani kati yetu yuko sawa. Mama mkubwa alirudi Karonga baada ya matanga. Kile chungu chake cha mwisho, nasikia, wajukuu wanakitumia kuwekea maji.