Barua ya Kazi kwa Daktari

Jamani, nina furaha hata sijui nianzie wapi! Mimi ni Mama Akinyi wa mtaa wa Migosi. Wengi wenu barua za kuomba kazi nimewachapia mimi, kwa Kiingereza safi, pale dukani kwangu. Nilikuwa mzima, mdomo haufungi.

Kisha Akinyi, binti yangu wa pekee, akapata nafasi ya chuo kikuu huko Bondo. Badala ya kushangilia, moyo ukaanza kwenda mbio. Mikono ikalowa jasho, tumbo likaharisha, kifua kikabana nikadhani nakufa. Leo hivyo, kesho hivyo. Kila nikifumba macho naona ajali, naona jeneza. Nikamwambia mtoto, "Huendi popote!" Alilia wiki nzima.

Mume wangu akasema, "Mama Akinyi, chuo hakitamngoja. Twende hospitali."

Moyo ukapimwa, ukaonekana hauna shida. Daktari akanipa karatasi. "Andika wewe ni mtu wa namna gani. Lugha yoyote." Nikachagua Kiingereza, maana kwa Kijaluo ningelia. Nikaandika mbio mbio, kwa maringo: mimi ni mtulivu, mchapa kazi, sibabaiki hata nikibanwa vipi. Mwisho nikaweka "wako mwaminifu" na sahihi!

Daktari akasoma, akaangua kicheko. "Mama, hapa huombi kazi. Kama wewe ni mtulivu, nani basi anayeharisha?"

Yawa! Nilicheka mpaka machozi yakawa ya kweli. Nikageuza karatasi. Nikaandika kwamba mimi ni mwoga tangu utotoni. Kwamba nikisikia king'ora tu, nahesabu watu wangu. Kwamba mtoto hana kosa, hofu ni yangu.

"Sasa huyu naweza kumtibu," daktari akasema.

Nikapewa dawa, nikafundishwa kupumua pole pole, nikawa narudi kila wiki tuzungumze. Haikuisha kwa siku moja, msidanganywe. Siku ya kumpeleka Akinyi chuoni nilimshika mkono njia nzima, lakini langoni nikamwachilia.

Namshukuru Mungu, daktari na mume wangu. Na wewe unayebanwa kifua huku unajiita mtulivu, sema ukweli, hata kwa Kiingereza kibovu!

Jumapili iliyopita mchana Akinyi alinipigia simu mara tano, sikushika. Akampigia baba yake, roho juu: "Mama ako wapi?"

"Amelala," baba yake akamjibu. "Anakoroma."