Siku Niliyomsahihisha Papa Bahati

Nikisikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, narudi utotoni, mtaani kwetu Bellevue, kwenye chumba cha jirani yetu Papa Bahati, fundi cherehani kutoka Bukavu. Jumapili tukitoka kanisani alifunika cherehani kwa shuka, sisi watoto tukajipanga sakafuni, naye akatufundisha Biblia. Kusoma alijifunza ukubwani, kidole kikifuata mstari. Wafalme wa Uajemi ndio aliowapenda: Koreshi, Dario, Artashasta, Ahasuero. Aliwataja kama wajomba zake.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na wiki hiyo nilikuwa nimeazima kitabu cha historia shuleni. Alipoanza habari za Esta na Ahasuero, nikanyoosha mkono.

“Papa, huyo mfalme haitwi hivyo. Ni Xerxes. Na Koreshi ni Cyrus. Ndiyo majina yao ya Kigiriki na Kilatini.”

“Nani amesema, Furaha?”

“Kitabu cha shule. Kwani wewe Papa uliishia darasa la ngapi?”

“Eish, Papa amepatikana leo!” kaka yangu akapiga kelele, na chumba kizima kikacheka. Papa Bahati naye akatabasamu. Akaondoa kidole kwenye mstari, akafunga Biblia.

“Basi, mama, wewe utawafundisha wenzako.”

Akachukua pasi, akaanza kunyoosha suruali ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Jumapili iliyofuata hakutufungulia. Mama aliponiuliza kulikoni, nikamwambia Papa ana kazi nyingi. Mlango wake ulikuwa hatua nne tu kutoka kwetu, lakini sikubisha hodi. Baadaye akahamia mtaa wa Turffontein.

Siku hizi nasuka nywele mtaa wa Yeoville. Juzi nikasoma kwenye simu kwamba kwao Uajemi mfalme yule aliitwa Khshayarsha. Xerxes ni vile Wagiriki walivyoweza kumtamka, Warumi wakapokea kwao. Ahasuero lilipitia kwa Waebrania. Kumbe Papa hakukosea! Nikacheka peke yangu, halafu nikaweka simu kando, nikarudi kwenye kichwa cha mteja.

Lakini nawaambieni ukweli: hata angekuwa amekosea, ningebaki na deni lile lile moyoni. Namba yake ninayo, bado sijapiga. Siku sita za wiki watu walimwita fundi, punguza hapa, ongeza pale. Jumapili, kwa saa moja, aliitwa mwalimu. Saa hiyo ndiyo niliyomnyang'anya.