Kitambaa cha Fundi wa Sola

Fundi wa sola hapandi paa la mtu bila kuvua viatu. Huviweka sambamba chini ya ngazi kana kwamba anaingia sebuleni kwa mkwewe. Begani ana kitambaa cha buluu, na kila akifunga paneli huifuta taratibu, akiimba kwa sauti ya puani. Muuguzi wa zahanati, aliyezoea kuzalisha akina mama tochi ameibana kwa meno, alimtazama siku tatu juu ya paa la zahanati asichoke. Taa ya kwanza mama fundi huyu hawashi mwenyewe: humwita aliyeipinga sola kuliko wote. Safari hii alimwita diwani, aliyesema mkutanoni kwamba jua ni la kuanikia nguo. Diwani akabonyeza swichi shingo upande. Chumba cha uzazi kikang'aa pee, muuguzi akapiga kigelegele.

“Si niliwaambia tangu mwanzo!” diwani akatamba, na watu wakaangua kicheko.

Fundi, mwepesi wa kucheka siku zote, hakucheka. Alishusha kitambaa begani, akamkabidhi kwa mikono miwili. “Hongera, mheshimiwa. Vumbi linafutwa kila Jumamosi, na leo ndiyo Jumamosi. Ngazi ile pale.”

Diwani akaitazama ngazi, akawatazama watu, kisha akainama kuvua viatu.