Vidonge vya Shiru

Pamela, Mkenya wa Nyahururu, alikuwa mtu wa maabara, na watu wa maabara mnawajua: ukimuuliza kidogo anakupa darsa zima. Tulikaa chumba kimoja pale Najma, mtaa wa Doha, Qatar, mimi nikisafisha vyumba kwenye hoteli moja West Bay, yeye akipima damu za watu zahanati. Bintiye, Shiru, alimwacha kwao kwa bibi yake, shosho kama wanavyomwita wao.

"Ana nini huyo mtoto?" nilimuuliza.

"Tezi zake za juu ya figo hazitengenezi homoni vizuri. Vimeng'enya vya kuitengeneza viko, Zuhura. Lakini lazima vipewe elektroni ndiyo vifanye kazi, na protini ya kuvipelekea ni dhaifu."

"Dada, mie hayo sikusoma."

"Haya. Wapishi wako jikoni, mchele uko. Anayeleta kuni ndiye mgonjwa."

Hapo nikaelewa. Homoni hiyo ndiyo inayomshikilia mtu akiumwa. Ikikosekana, homa tu yaweza kumwua. Basi Shiru humeza vidonge kila siku, na akipata homa huongezewa mara mbili. Kwao viliadimika, ndiyo maana Pamela akaja Doha. Kila Mkenya aliyekwenda likizo alibebeshwa vidonge, apende asipende.

Mzigo wa kwanza nusura umwue mtoto. Bibi alivifungia kabatini. Dawa ya ng'ambo, tena ghali, utampaje mtoto anayeruka kamba? Akaiweka akiba mpaka augue! Shiru akaanguka shuleni, akaokolewa kwa sindano hospitali. Toka hapo Pamela akawa anapiga simu kila asubuhi, asikie mtoto akimeza, ndipo aende kazini.

"Wewe hulei mtoto, unalea koo," nilimtania. Akacheka, lakini simu hakuacha.

Ijumaa moja ya mwaka 2013 nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau. Jana yake Shiru alikuwa akikohoa, na leo simu haipokelewi. Pamela anapiga, haipokelewi. Anapiga tena. Nikazima jiko. Mwishowe ikapokelewa, na sauti ya mtoto nikaisikia hadi nilipo.

"Mum, usiongee kwa nguvu, shosho amelala. Amekesha na mimi. Mwili ulikuwa moto, nikameza mbili. Nikitapika nitamwamsha twende hosi."

"Nani amekuambia umeze mbili?"

"Si ni wewe hunifunza?"

"Na saa hii uko moto bado?"

"Sijui. Nikijishika sisikii kitu. Ungekuwa hapa ungenishika."

Pamela akamwambia alale. Kisha akakaa kitandani akalia kwa sauti, nami nikamfokea, maana mie nikiogopa hufoka. "Unalilia nini? Mtoto kameza, mtoto ana akili, kafanya ulivyomfunza!"

"Najua," akasema. "Lakini nataka kumshika paji la uso, Zuhura. Hilo tu. Nataka kumshika."