Klachi ya Mashindano Katika Msafara wa Harusi

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, ndipo nilipokanyaga pedeli ya klachi mbele ya nyumba ya kaka yangu kule Kambarage, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma, na kuanzia hapo mpaka adhuhuri yakatokea mambo ambayo hadi leo nikipita sokoni kuna watu wazima, wenye wake na watoto, wananililia mlio wa ng'ombe. Sipendi kuyasimulia. Nayasimulia kwa sababu yanasimuliwa tayari na watu ambao hawakuwepo, na wanayasimulia vibaya (kuna mmoja anasema nilikuwa nimelewa, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe, na afadhali ningekuwa nimelewa, ningekuwa na kisingizio).

Mimi ni muuzaji wa pampu za maji. Wateja wangu ni wachimbaji wadogo wa Bugarama na kwingineko, ambao mashimo yao hujaa maji kila mvua ikinyesha, na ufundi wote nilionao nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma vile vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, ambavyo wenzangu hufungia maandazi. Gari nililinunua kwa mnunuzi wa dhahabu mmoja wa Geita aliyekuwa amepata kisha akakosa. Kwa nje ni gari jeupe la milango minne, kama la mwalimu mkuu, lakini chini ya boneti kuna injini ya silinda sita iliyofungwa tabo kubwa, nguvu za farasi mia nne na kitu. Mtu wa umri wangu anataka farasi mia nne wa nini? Swali hilo aliniuliza mke wangu, Mama Limi, na jibu nililompa lilikuwa refu sana hata sasa silikumbuki.

Tatizo la gari hilo lilikuwa klachi. Kwa asiyejua, klachi ni sahani inayobanwa kati ya injini na giaboksi: ukikanyaga pedeli inaachia, ukiinua mguu inabana, na hapo katikati inateleza kidogo, ndiyo maana gari huondoka taratibu bila kurusha watu. Yangu ilikuwa ya kiwandani, imetengenezwa kwa injini yenye nusu ya nguvu zile, kwa hiyo nikikanyaga mafuta kwenye barabara ya Kahama injini inapiga kelele na gari liko palepale, natwanga maji kwenye kinu. Nikampigia muuza vipuri wa Dar es Salaam. Akaniambia ana za aina tatu, ngumu, ngumu zaidi, na ile ambayo si sahani kamili bali ni nyota ya chuma yenye vipande sita vya kauri, isiyo na hata zile springi za katikati za kupunguza mshtuko.

"Mzee, gari ni la kutembelea au la mashindano?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana katika mkasa huu wote, na mimi sikulijibu. Nilimtumia hesabu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nguvu ya injini, nikaongeza robo kwa usalama, nikaongeza robo nyingine kwa sababu sikuiamini robo ya kwanza, na hesabu ikaangukia kwenye nyota. Maelezo yake yalisema klachi hiyo haitelezi, ama inabana au haibani, nami nikaona hiyo ni tabia ya mtu mkweli. Fundi Mhoja alipoitoa kwenye boksi aliigeuza mara mbili, akasema, "Msomi ni wewe, mimi nafunga tu," akaifunga.

Na kwenye barabara kuu, niseme ukweli, ilikuwa klachi tamu. Kuondoka ilitaka uinue mguu haraka na kukanyaga mafuta kwa moyo mmoja, gari linaruka kama limechomwa sindano, basi, umeshafika gia ya pili. Nikaenda nayo Maganzo na kurudi, nikaenda nayo Bugarama, na kwa kuwa huku kwetu hakuna foleni, sikuwahi hata siku moja kulazimika kwenda nayo polepole.

Ndipo ikaja harusi ya Kabula, binti mkubwa wa kaka yangu Maduhu. Kamati ilitaka kukodi gari la bibi harusi, mimi nikasimama kwenye kikao nikasema huo ni upotevu, gari lipo, dereva yupo, na dereva ni baba yake mdogo. Wakapiga makofi. Kaka Maduhu akanivuta pembeni akaniambia jambo moja tu: upande wa bwana harusi, watu wa Bugarama, wametoa ng'ombe ishirini bila kubishana hata ndama, ni watu wanaoshika mila, na padri naye ameshasema ndoa ni saa tano kamili kwa sababu mchana anakwenda vigangoni, atakayechelewa atafunga Jumamosi nyingine. "Nkwabi, nakuomba," akasema, "mfikishe mwanangu kwa wakati na kwa heshima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ana farasi mia nne.

Sasa mnajua msafara wa harusi wa kwetu unavyokwenda. Mbele pikapu yenye kikundi cha matarumbeta, nyuma yake gari la bibi harusi lenye mashada na riboni, nyuma yake magari mengine, na mwendo ni wa mtu anayetembea akiwa ameshiba, ili kila mwenye macho aone. Nilikuwa nimekaa na suti yangu, Kabula yuko nyuma na gauni lenye waya chini (lilijaza kiti chote kama chandarua), na pembeni yake matroni, ambaye ni dada yangu Minza, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa na mswaki mdomoni. Tarumbeta likalia. Nikainua mguu.

Gari likaruka mita moja, likasimama. Likaruka tena. Nikikanyaga klachi linaganda, nikiinua linaruka, na katikati, pale ambapo klachi ya binadamu wa kawaida huteleza, hapakuwa na kitu kabisa.

"Nkwabi," akasema dada Minza, "unaendesha gari au unapepeta mchele?"

"Ni klachi, dada. Imetengenezwa isiteleze."

"Mwambie iteleze. Mtoto ameshapaka rangi ya mdomo kwenye kiti chako."

Nikatazama kwenye kioo. Taji la Kabula lilikuwa limegonga dari na kukaa juu ya sikio, na rangi ya midomo ilikuwa imepanda mpaka puani. Alishika mlango kwa mikono miwili. Wakati huohuo watu wa pembeni walidhani ni mbwembwe, vijana wa bodaboda wakaanza kupiga honi wakisema gari la bibi harusi linacheza, na wale wa matarumbeta (hili siwezi kuwasamehe) wakageuka, wakatuangalia tunavyoruka, wakaongeza kasi ya ngoma ili iendane na sisi.

Tukaenda hivyo, tukizima na kuwasha, mpaka kwenye kile kimwinuko kabla ya reli, na hapo nikasikia mlio kama wa mwiko uliovunjika kwenye ugali. Nikainua mguu, gari halikwenda. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikwenda. Nikashuka na suti yangu, nikalala chini, nikachungulia: shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilikuwa imekatika. Klachi yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Nikiri kwamba, nikiwa pale chini kwenye vumbi, kwa sekunde chache nilijisikia fahari.

Nikapendekeza bibi harusi ahamie gari la nyuma. Dada Minza akasema bibi harusi si abiria wa kushushwa njiani na kufaulishwa gari jingine, na tena gauni lile lilimchukua nusu saa kuingia. Wanaume tukasukuma, kimwinuko kikatushinda. Nikamfuata dereva wa pikapu nikamwomba atuvute, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Ningewavuta, mzee wangu, ila klachi yangu inateleza."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Ndipo akatokea Mzee Gamaya, ambaye hatukumjua, anatoka kushusha mkaa, na mkokoteni wake unavutwa na maksai wawili wakubwa, mmoja anaitwa Mbunge na mwingine Diwani. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akaliangalia gari, akaniangalia mimi na vumbi langu.

"Limelala?" akauliza.

"Limelala, mzee. Naomba utuvute mpaka kanisani. Nitakulipa."

"Mbunge ana tabia ya kusimama akiona watu wengi," akasema, "lakini Diwani atamvuta." Akauacha mkokoteni pembeni, akafunga mnyororo wake wa plau kwenye bampa la mbele, katikati ya mashada.

Na niwaambie, tulivutwa vizuri. Hapakuwa na mruko hata mmoja. Kabula alirekebisha taji, dada Minza akamfuta pua, matarumbeta yakarudi kwenye mwendo wa heshima, nami nikashika usukani kama dereva wa serikali, nikijisemea kwamba mtu mwenye akili hakosi njia. Tukaingia uwanja wa kanisa zikiwa zimebaki dakika sita.

Ngoma ikafa. Vigelegele vya upande wa bwana harusi vilivyokuwa vimeanza vikakatika katikati. Mzee Lugata, baba yake mkubwa bwana harusi, aliyekuwa mbele ya watu wake na fimbo yake, akatazama ng'ombe, akatazama riboni, akatazama ng'ombe tena, na hapo ndipo akili yangu yenye kusoma vitabu ilipofunguka, imechelewa. Kwetu ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa baba wa binti. Wakionekana wanatembea kutoka upande wa binti kwenda upande wa mume, maana ni moja tu, hata mtoto anaijua: ndoa imevunjika, mahari inarudi. Na mimi nilikuwa nimewaleta wawili, mchana kweupe, kwa matarumbeta.

"Hawa ng'ombe," akasema Mzee Lugata polepole, "mnawaleta kwa nani?"

"Shikamoo mzee. Hawaletwi kwa mtu. Wanavuta gari."

"Gari hili ninalosikia lina nguvu kuliko basi?"

"Ndilo. Ni kwamba klachi yake, mzee wangu, ina vipande sita vya kauri, haina springi, kwa hiyo ule mshtuko ambao ungemezwa na sahani unakwenda wote kwenye shafti..."

"Ng'wanawane, mwanangu," akanikatiza, "nakuuliza ng'ombe, unanijibu sahani." Akageukia watu wake. "Mwiteni bwana harusi wetu, Shija, atoke humo kanisani. Wenzetu wameghairi."

Mama mmoja wa upande wao akaanza kulia. Kaka Maduhu alikuja mbio akitokwa jasho, akanitazama mara moja tu, na mtazamo ule nimeuweka mahali ambapo siuangalii mara kwa mara. Kabula ndani ya gari alikuwa amefunga macho. Nikafungua mdomo kueleza tena (nilikuwa nimekumbuka mfano mzuri wa pampu), dada Minza akatoa kichwa dirishani.

"Baba Lugata," akasema, "si wameshafika kwako? Basi wapokee. Halafu wakabidhi upya kwa baba wa binti. Kwani ng'ombe ishirini na wawili kuna aliyewahi kuwakataa?"

Mzee Lugata akaifikiria hoja hiyo akitafuna mdomo kwa ndani. Nikaona uso unalegea, kwanza pembeni mwa macho. Akafungua mnyororo kwa mkono wake mwenyewe, akawageuza Mbunge na Diwani, akawaswaga hatua kumi mpaka mbele ya kaka Maduhu, akasema, "Tumeongeza." Kaka akawapapasa mgongoni, akasema, "Nimepokea." Vigelegele vikapasuka pande zote mbili, tarumbeta likalia, na padri, aliyekuwa mlangoni muda wote akiangalia saa yake, akasema, "Kama mmemaliza kulipana, tuingie."

Kabula akafunga ndoa saa tano kamili. Akaolewa vizuri, na yuko Bugarama sasa hivi, anaendelea salama.

Tulipotoka, Mzee Gamaya alikuwa amewashika maksai wake kwa kamba anataka kuondoka, na Mzee Lugata amesimama mbele yake.

"Hawa hawaendi popote. Wamepokelewa kwa vigelegele. Wakitoka leo kwa Maduhu, watu watasema nini?"

"Mimi niliitwa kuvuta gari," akasema Mzee Gamaya, "sikuitwa kuoza mtu."

Wote watatu, pamoja na kaka yangu ambaye sasa hakuonyesha haraka yoyote ya kuwaachia ng'ombe wale, wakageuka wakaniangalia mimi. Mzee Gamaya hakuwa mjinga. Akataja bei ya maksai waliofundishwa kulima, akaongeza kidogo kwa sababu ya majina yao, na mimi, mbele ya waumini, sikuwa na pa kupunguzia, nikalipa.

Klachi ile nimeitoa, nimefunga ile ya aina ya kwanza, inateleza inapotakiwa, na kwenye barabara ya Kahama inanitosha kabisa. Nilichojifunza ni hiki, na mwenye gari la nguvu akisikie: klachi haichaguliwi kwa kasi kubwa utakayokwenda, inachaguliwa kwa mwendo mdogo kuliko wote utakaolazimika kwenda mbele za watu, na muuza vipuri akikuuliza swali, mjibu. Harusi sitaendesha tena, hata ya binti yangu Limi. Atakwenda kwa miguu, nami nitakwenda naye. Nimekaa nikajumlisha klachi ya nyota, klachi ya sasa, shafti, na ng'ombe wawili ambao sasa wanalima shamba la kaka yangu, nikapata shilingi milioni nne, laki tano na elfu sitini.